Vimondo Juu ya Tumbatu

Watu wa rika langu ukiwauliza habari za mwaka 1998 watakutajia mabomu ya tarehe 7 Agosti kule Dar es Salaam na Nairobi, au zile mvua za El Niño zilizoanza mwaka wa nyuma yake zikang'oa madaraja na kukata barabara. Sisi wa Unguja tutaongeza siasa, maana miaka ile kulikuwa na majirani ambao hawakualikana harusini wala hawakuzikana, kisa kadi ya chama. Mimi huongeza usiku mmoja wa mwezi wa Novemba. Nikiutaja mbele ya watu wa mjini hunitazama wakidhani nasimulia ndoto.

Tarehe naijua bila kufungua daftari. Ilikuwa usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne ya tarehe 17, na kwa hesabu ya mwezi mwandamo ulikuwa usiku wa kuamkia mwezi 27 Rajabu, yaani usiku wa Miraji. Msikitini kwetu Jongowe, kisiwani Tumbatu, Miraji ilisomwa baada ya Isha kama kila mwaka: safari ya Mtume usiku mmoja kutoka Makka hadi Baitul Mukaddas, kisha kupanda mbingu moja baada ya nyingine, mpaka sala tano zikafaradhishwa. Watoto walilala juu ya mikeka kabla msomaji hajafika mbingu ya tatu. Baada ya dua ikaja kahawa, tende na halua, na watu wakaanza kutawanyika.

Sababu ya pili ya kuikumbuka tarehe ni giza. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi kufa, na anayejua uvuvi wa dagaa anajua maana yake. Dagaa wa usiku huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hushona nyavu na kuzurura barazani. Likiingia giza hakuna kulala. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha wetu, alikaa msikitini mpaka dua ya mwisho, akanywa kahawa yake, akatutazama sisi mabaharia wake tuliokaa karibu na mlango.

"Twendeni," akasema.

Baharia mmoja, mtu mzima kumpita hata mjomba, alikataa. Alisema usiku kama ule si wa kwenda kuua viumbe wa Mungu, ni wa kukaa na tasbihi. Mjomba hakubishana naye sana. Alisema tumesoma na tumeomba, na giza hili likipita watoto watakula nini mwezi mzima? Yule mzee akachukua shuka lake akaja, lakini alikuja amenuna, na kununa kwake kulitufuata mpaka baharini.

Nilikuwa na miaka 19. Kazi yangu ilikuwa taa. Wenye nyavu walikuwa kwenye mashua; mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba huyohuyo, tulikuwa kwenye ngalawa ndogo yenye karabai. Unatia nanga, unaitundika karabai kwenye mti upande mmoja wa ngalawa, unakaa. Karabai inavuma. Kila baada ya muda mwanga unaanza kuwa mwekundu, na hapo unaipiga pampu tena mpaka irudi nyeupe. Dagaa wanakuja wenyewe. Kwanza unaona wachache wanaometameta chini ya taa, baadaye kundi zima linazunguka, na mashua inakuja taratibu na kulizungushia wavu. Kazi yenyewe haina maarifa makubwa isipokuwa moja: usiisogeze taa ovyo.

Ulikuwa wakati wa maleleji, upepo wa kusi umekwisha na kaskazi haijashika. Tulikuwa magharibi ya kisiwa, kwenye mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara, bahari imetulia. Vuli ya mwaka ule ilikuwa hafifu, wakulima wakilalamika, na mbingu zilikuwa safi usiku baada ya usiku.

Mtu anayekaa chini ya karabai haoni mbali. Macho yake yamezoea mwanga, na nje ya duara la taa dunia yote ni ukuta mweusi. Ndiyo maana kimondo cha kwanza sikukiona mbinguni, nilikiona baharini. Ghafla ule ukuta mweusi ukaondoka. Nikaiona mashua, nikaona watu waliosimama ndani yake wote wamenyanyua nyuso, nikaona hata ufuo wa Tumbatu kwa mbali. Nilipoinua kichwa bado kilikuwa kinakwenda. Kilitokea upande wa Pemba, kikapita juu yetu na kuelekea upande wa Bagamoyo, mstari mmoja mrefu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona angani. Saa saba ya usiku ilikuwa imepita kidogo.

Kwenye mashua akasikika mtu anasema, "Marekani wameanza."

Asicheke mtu. Huyo alikuwa jamaa yetu mwenye redio, ambaye BBC Idhaa ya Kiswahili ilikuwa haimpiti, na siku zile redio ilikuwa imejaa habari za Saddam Hussein na wakaguzi wa silaha. Jumamosi ya tarehe 14, siku tatu tu kabla, ndege za Marekani zilikuwa zimekwisha ruka kwenda kuipiga Iraki ndipo Rais Clinton akazirudisha. Agosti makombora yao yalikuwa yameshapiga Sudani na Afghanistani kulipiza yale mabomu ya kwetu. Kwa mtu aliyeko baharini usiku, anayeyajua hayo yote, moto unaopita angani kutoka kaskazini kwenda kusini una maelezo yaliyo tayari kabisa. Hata mimi nilimwamini kwa dakika chache. Kilichotutoa kwenye habari za vita ni kwamba kikaja cha pili, halafu cha tatu, na kombora gani litakalopita juu ya Tumbatu mara zote hizo bila kuanguka popote?

Vingine vilikuwa vidogo, vya kupita tu. Lakini kila baada ya muda kilikuja kimoja kikubwa, chenye rangi ya kijani kibichi au buluu, kikakimbia kwa kasi ya ajabu na mwisho wake kikapasuka kwa mwanga mweupe. Sikuhesabu, wala hakuna kwetu aliyehesabu. Nimewahi kusikia watu wakitaja mamia. Mimi hesabu hiyo siitii mkono. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba tulifika mahali tukaacha kuitana kutazama.

Mjomba alikuwa nahodha wa zamani, wa kabla ya mashine, aliyejifunza kwa baba yake kuijua Suheli ya kusini na kujua Kilimia kinapochwea ni saa ngapi. Yeye ndiye aliyegundua jambo ambalo sisi wengine hatukuliona. Alikuwa amekaa kwenye shetri, mkono juu ya usukani japo mashua imesimama. Akapaza sauti ili na sisi wa ngalawa tusikie: "Nyota zote hizi zinatoka mlango mmoja." Akanyoosha mkono kaskazini-mashariki, katikati ya upeo na utosi. Tukatazama. Kweli. Hata kile kilichoonekana upande wa bara, ukiurudisha nyuma mstari wake kwa jicho, ulikwenda kukutana na mahali palepale alipoonyesha. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mahali pale ndipo ilipo buruji ya Asadi, Simba, na kwamba wanajimu wa dunia nzima huviita vimondo vya Novemba kwa jina la buruji hiyo. Mjomba hakuwa na haja ya jina.

Kikubwa kuliko vyote kilikuja baada ya saa kumi alfajiri, kabla ule mwezi mwembamba wa mwisho haujachomoza. Wavu ulikuwa majini. Kundi zuri lilikuwa limekusanyika chini ya taa yetu na mashua ilikuwa imeanza kuzunguka. Nilikuwa nimeinama, natazama dagaa, na hicho ndicho ninachokikumbuka vizuri zaidi ya mbingu yenyewe: maji yote yaligeuka rangi. Mwanga wa karabai, ambao usiku kucha ndio uliokuwa jua letu, ulifutika kama haupo. Nikaona kivuli changu mwenyewe juu ya maji, na kivuli cha mti wa taa, na vivuli hivyo vilikuwa vinatembea. Dagaa waliokuwa wanazunguka wakageuka wote kwa pamoja, mara moja, wakazama. Nilipotazama juu nilikuta mwanga umekwisha pasuka, na uso wa binamu yangu ulikuwa wa kijani.

Akaniuliza, "Umesikia?"

Nikamwambia, "Nini?"

Hakujibu, maana sote tulikuwa tunatazama kilichobaki. Kimondo chenyewe kilipita kwa muda wa kupepesa macho, lakini kiliacha mstari wa mwanga hafifu mahali kilipopita, na mstari ule haukuondoka. Mwanzo ulikuwa umenyooka. Kidogo kidogo ukaanza kupinda, ukafanya tumbo upande mmoja na kona upande wa pili, ukawa kama mshipi uliolegea majini. Nilipiga pampu karabai mara moja ukiwepo, na ilipoanza kuwa nyekundu tena bado niliweza kuuona, umetawanyika na kufifia.

Yule mzee aliyekataa kuja alikuwa anasoma shahada kwa sauti. Wengine wakamfuata. Wawili walitaka tukate nanga turudi, na mmoja wao alikuwa na machozi. Mjomba akawaacha wamalize shahada, kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Wavu uko majini. Vuteni." Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu siku hiyo, wenye vyeo na magari, na sijamwona mwingine aliyejua kama yeye kwamba watu wenye hofu hupewa kamba washike. Wakavuta. Kilichopanda hakikufika nusu ya kilichokuwa chini ya taa kabla ya ule mwanga. Tulisali Alfajiri palepale, tukitia udhu kwa maji ya bahari, na vimondo viliendelea kupita juu ya migongo yetu mpaka kulipopambazuka.

Tulipofika pwani tulikuta kisiwa kizima kimeamka. Wanawake walioshuka kununua dagaa walikuwa wamesahau ndoo zao. Bibi yangu alisema ni vita, na alipoulizwa vita vya nani akasema hilo si kazi yake kulijua. Wengine walikuwa wamekwisha amua kwamba ni Miraji: usiku wa mbingu kufunguliwa, na mbingu zimefunguka. Mzee wetu wa mashua hakuacha kuwakumbusha watu kwamba yeye alisema tusiende. Maneno yakapelekwa kwa maalimu wa msikiti, na nadhani wengi walitaraji atayatia muhuri.

Maalimu hakuyatia. Alikuwa mtu wa maneno machache na nilimwogopa tangu chuoni, lakini siku ile nilimpenda. Aliwakumbusha watu kwamba siku alipofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, jua lilipatwa, na Maswahaba wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Mtume mwenyewe, akiwa na majonzi yake, akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. "Basi na nyinyi," akasema, "msiifungie Miraji na nyota." Akaongeza kwamba vimondo hupita kila usiku, na kwamba vingi kama hivi hakuwahi kuviona. Kisha akawauliza wangapi kati yao waliosali Alfajiri jamaa, na uwanja ukaanza kupungua.

Redioni hatukusikia neno. Jamaa yetu alikaa na redio yake mchana kutwa. Ilikuwa Iraki, ikawa mpira, ikawa Iraki tena. Ndani ya wiki moja usiku ule ulikuwa umeshageuka habari ya barazani, na mimi mwenyewe nikaingia kwenye mambo mengine. Nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa kufundisha jiografia mjini, bahari nikaiacha kwa wenyewe.

Maelezo niliyapata vipande vipande, kwenye vitabu na baadaye kwenye intaneti. Kuna kometi, au nyota yenye mkia kama wazee walivyoiita, inayojulikana kwa majina ya watu wawili walioiona kila mmoja kivyake: Tempel, aliyekuwa Marseille, Desemba 1865, na Tuttle, aliyekuwa Harvard, Januari 1866. Hulizunguka jua kila baada ya miaka 33 hivi, na kila inapolikaribia humwaga vumbi na changarawe njiani. Dunia hukatiza njia hiyo kila mwaka katikati ya Novemba. Vumbi hilo hutupokea uso kwa uso, ndiyo maana vimondo vyake vina kasi isiyo ya kawaida, kilomita 71 kwa sekunde. Chukua Forodhani hadi Dar es Salaam, umefika kabla hujamaliza kusema bismillahi. Kwa kasi hiyo kitu chenye ukubwa wa punje ya mchanga kinatosha kuonekana, na kijiwe cha kufumba kiganjani kinatosha kutupa kivuli cha mti wa taa juu ya maji ya Tumbatu. Hakuna kinachofika chini. Vyote huishia juu sana, karibu kilomita 100, na ule mstari unaobaki ni hewa na madini yanayong'aa wakati upepo wa huko ukiyapindapinda.

Nyota hiyo ilikuwa imepita karibu na jua Februari ya mwaka uleule wa 1998, na wataalamu walikuwa wakiusubiri mwezi wa Novemba kwa hamu. Hesabu zao zilisema kilele kitakuwa usiku wa kuamkia tarehe 18 kwa saa za kwetu, wakati Asia ya Mashariki inakaribia alfajiri. Kwa hiyo walikwenda huko: China, Mongolia, Japani. Kuna waliopanda hata ndege za utafiti, zilizoruka kutoka Okinawa. Msafara huo wa ndege uliongozwa na Mholanzi Peter Jenniskens, jina ambalo watu wa Afrika Mashariki wanaofuatilia mawe ya mbinguni wanalijua, kwa kuwa yeye na wenzake, wakiwemo wanajiolojia wa Makerere, ndio walioandika habari za mawe yaliyonyesha Mbale, Uganda, mchana wa tarehe 14 Agosti 1992, ambapo kipande kidogo kilimgonga kijana kichwani bila kumdhuru.

Vimondo vikubwa havikungoja hesabu. Vilifika mapema kwa saa kama 18, na kilele chao kikawa saa kumi na nusu alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Upande uliokuwa gizani wakati huo ni Ulaya, Arabuni na sisi. Huwa najiuliza ni wavuvi wangapi kutoka Lamu mpaka Kilwa, na walinzi wangapi wa usiku, na kina mama wangapi waliotoka uani na mtoto anayelia, walioona kitu ambacho watu walisafiri nusu ya dunia kukifuata. Hakuna aliyewahoji. Sina kinyongo katika hilo, lakini kila ninaposoma kwamba "usiku ule ulishuhudiwa Ulaya" kalamu huniwasha.

Mwaka uliofuata David Asher na Mark Bailey wa kituo cha Armagh, Ireland ya Kaskazini, pamoja na Emel'yanenko wa Urusi, walieleza kwa nini hesabu ya kwanza haikuhusu vimondo vile. Changarawe kubwa hazikutoka katika mizunguko ya karibuni. Zilitoka katika nyota ile ilipopita mwaka 1333, na kwa miaka yote hiyo zilikuwa zimeshikiliwa pamoja na mvuto wa sayari ya Mshtarii: kila zinapolizunguka jua mara tano, Mshtarii nayo huzunguka mara 14, na mpangilio huo huzizuia zisitawanyike. Niliposoma mwaka huo nilisimama. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 hivi, Kilwa ikitawaliwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, na alituachia maneno kuhusu watu wa pwani hii, misikiti yao na chakula chao. Vijiwe vilivyoungua juu ya ngalawa yetu viliachwa angani miaka miwili tu baada ya mgeni huyo kuondoka. Darasani nimewaambia wanafunzi mengi wanayoyasahau kabla kengele haijalia, lakini hili hulirudisha kwangu hata wakiwa watu wazima.

Mwaka 1999 vilikuja tena, alfajiri ya tarehe 18 Novemba, na safari hiyo ilikuwa mvua kweli, vingi mno kwa wakati mmoja. Vilikuwa vidogovidogo, na kwetu mwanga wa asubuhi ulikuwa umeshaanza kuingia. Niliona kiasi changu. Havikuwa na kivuli.

Sasa nije kwenye ugomvi. Kisiwani kwetu habari hii imekua. Waliokuwa wamelala wanaikumbuka, na ambao hawakuwa wamezaliwa wanaisimulia. Kuna anayesema kisima kimoja kilikauka. Lakini lililoenea kuliko yote ni mshindo: kwamba kile kikubwa kilipopasuka kulisikika kishindo kilichotikisa mabati, na mbuzi wakakata kamba. Mabati yenyewe wakati ule yalikuwa machache. Mimi nilikuwa nje, baharini, bila upepo, na nasema hapakuwa na mshindo. Sayansi iko upande wangu: kitu kilichopasuka juu vile, hata kama sauti yake ingefika, ingechukua dakika tano kufika, na ingefika imekufa. Nimelieleza hili barazani Jongowe na nimesikilizwa kwa adabu anayosikilizwa mwalimu, kisha mazungumzo yakaendelea kwenye mshindo.

Shahidi wao mkubwa ni binamu yangu. Yeye hakuacha bahari. Leo ana mashua yake mwenyewe, taa zake ni za betri, na dagaa wake huchemshwa na kuanikwa na kuuzwa kwa wanunuzi wanaowapeleka mpaka Kongo. Anasema alisikia, na hasemi mabati. Ukimbana, bila watu, anasema ilikuwa sauti fupi, ya chini, palepale mwanga ulipowaka, si baada yake. Nami siwezi kusema ameitunga baadaye, kwa sababu swali lake nilikuwa nalo tangu usiku uleule: "Umesikia?"

Halafu nikasoma jambo lililoniudhi. Novemba hiyohiyo ya 1998 watafiti kutoka Kroatia walikuwa Mongolia na vinasa sauti, mahususi kwa ajili ya watu kama binamu yangu, kwani kwa karne nyingi wako watu wanaosema wamesikia vimondo wakati uleule wa kuviona. Walinasa sauti mbili, fupi na za chini, zilizokwenda sambamba na vimondo viwili vikubwa. Sababu haijakubaliwa na wote. Wako wanaosema ni mawimbi ya umeme yanayotikisa vitu vilivyo karibu na msikilizaji. Wengine wanasema mwanga wenyewe, ukiwa mkali na wa kumetameta, hupasha vitu vyepesi kama majani, nywele au nguo, navyo vikatetemeka vya kutosha kusikika. Binamu yangu usiku ule alikuwa amejifunika shuka kichwani kwa baridi ya alfajiri. Mimi nilikuwa kichwa wazi, sikio langu karibu na karabai inayovuma.

Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe, Tumbatu, Ijumaa moja baada ya sala. Hakuonekana kushangaa wala kushukuru. Aliniuliza hao watu wa Mongolia walivua nini. Nikamwambia naandika habari za usiku ule, na akataka nimwahidi kwamba nitautaja mshindo. Nikamwambia mshindo siutaji. Tukabishana mpaka chai ikapoa, mkewe akituchekea kutoka jikoni, na mwisho tukakubaliana niandike hivi: yeye alisikia, mimi sikusikia, na tulikuwa kwenye ngalawa moja.